Bado Laini

Iko Jumamosi moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu. Kwa kuwa umelia kwenye kitanda cha chini tangu jana jioni, na mimi ndiye ninayelala kitanda cha juu, nimeona afadhali nikuandikie habari yake kuliko niendelee kutikiswa.

Usikasirike kwamba nakuita mwanangu. Nina miaka kumi na saba, na wewe sijui una mingapi, lakini umeingia kidato cha kwanza juzi, sanduku lako bado linanuka rangi, na blanketi unalikunja kama unafunga zawadi ya harusi. Mimi niko kidato cha tatu. Nimekula maharagwe ya shule hii mpaka yananijua jina. Kwa hesabu ya bweni mimi ni nyanya yako, na nyanya ana ruhusa ya kuongea mpaka achoke mwenyewe.

Jana, ulipodhani nimelala, ulimwambia mwenzako kwamba babako alikushusha langoni, akatoa sanduku, akasema, "Haya, soma," akaingia kwenye gari. Ukabeba sanduku ukaja ndani bila kuangalia nyuma. Ukasema amekutupa. Sikukujibu, kwa sababu ningekujibu kwa mzaha, na mzaha wangu saa zingine hufika mahali kabla yangu. Kwa hiyo soma pole pole. Leo sina haraka.

Sisi nyumbani ni Amalemba, pale Kakamega mjini. Nyumba yenye ua mdogo wa sementi na lango la mabati linalolia ukilifungua. Zamani tulikuwa watatu. Mwanzoni mwa mwaka jana Mama alienda Doha kumhudumia mwanamke mmoja mzee, mama wa watu wengine. Anamlisha, anamwogesha, anamsikiliza hadithi zake kwa lugha ambayo bado anajifunza. Hutupigia simu Jumapili. Mimi namwambia Mama mambo ambayo ningemwambia Baba, na Baba anamwambia Mama mambo ambayo angeniambia mimi. Halafu simu inakatika, tunaangaliana, na kila mtu anaenda chumbani kwake.

Baba ni karani katika ofisi moja ya serikali. Si mkali, usije ukafikiria hivyo. Hakunigusa hata siku nilipompaka mbuzi wa jirani poda ya Mama, nikamfunga kitambaa kichwani, akaenda sokoni akiwa hivyo. Shida ya Baba ni kwamba ana neno moja, nalo ni "Haya." Nikishika nafasi nzuri darasani, haya. Nikiunguza mboga, haya. Likizo ile ya Agosti iliyopita nilifanya kila kitu nipate neno lingine. Jioni moja nilivaa koti lake na tai yake, nikamwandalia obusuma, ugali wetu, huku nikitembea kama mkubwa wake wa ofisini, tumbo mbele, mikono nyuma. Aliniangalia kutoka kichwani hadi miguuni.

"Haya," akasema. "Keti. Chakula kinapoa."

Nilicheka mwenyewe. Kucheka peke yako ndani ya nyumba kuna sauti mbaya, mwanangu. Unajisikia unapoanza na unajisikia unapomaliza, kisha unasikia friji.

Sasa nikuambie nilichokuwa nakitaka, usije ukadhani nilikuwa nachezacheza tu. Nilitaka kumwomba Baba nisirudi bweni. Nihamie shule ya kutwa pale mjini, niwe nikirudi nyumbani kila jioni. Sio kwamba napenda kupika. Nilitaka kujua kitu kimoja tu, kama mtu huyu ananitaka nyumbani au la. Na ushahidi niliokuwa nao ulikuwa mbaya. Wiki nzima kabla ya shule kufunguliwa, sanduku langu lilikuwa limefungwa na kusimamishwa kando ya mlango wa sebule. Alilipanga yeye mwenyewe: sabuni, dawa ya meno, hata kamba za viatu za akiba. Kila nikienda jikoni napita kando ya sanduku. Kila nikitoka jikoni, sanduku. Mtu akikufungia mizigo mapema hivyo, wewe ungefikiria nini? Nilifanya mazoezi ya kumwuliza mbele ya kioo. Kioo kikanijibu, "Haya," nikaacha.

Wiki hiyo hiyo tulienda Mautuma kwa Senje, dada yake Baba, kuchukua magunia ya mahindi. Gari letu ni saluni ya zamani ya rangi ya krimu, mlango wangu unafunguka kwa nje tu, kwa hiyo tukifika mahali nangoja kufunguliwa kama mke wa gavana. Tukiwa njiani kurudi, mbele yetu kulikuwa na trekta linavuta trela la miwa. Trekta likapunguza mwendo. Baba akakanyaga breki, na nikaona mguu wake unazama mpaka chini, kama mtu aliyekanyaga matope. Akainua, akakanyaga tena. Akainua, akakanyaga. Gari likasimama wakati miwa ilikuwa imefika karibu kabisa na kioo, ningeweza kuhesabu pingili.

"Baba," nikasema, "kama ulikuwa unataka muwa, ungeomba tu."

"Haya," akasema. Lakini alikuwa ameng'ang'ania gia kwa mikono yote miwili, na gari lilikuwa limeshasimama. Nikageuka nikaangalia dirishani, kwa sababu hakutaka nione.

Tulirudi Amalemba kwa mwendo wa bata. Ijumaa jioni alifungua boneti akasimama mbele yake muda mrefu. Nilimwona kutoka jikoni. Nilijua tatizo lake, na halikuwa breki. Breki zikilainika hivyo ni hewa imeingia, na kazi ya kuitoa inataka watu wawili. Mmoja anakaa kwenye kiti cha dereva anakanyaga, mwingine anachuchumaa kwenye gurudumu anafungua na kufunga. Tangu nizaliwe, aliyekaa kwenye kiti alikuwa Mama. Alikuwanga anaingia na ndala zake na kikombe cha chai, na Baba anachuchumaa. Walikuwa wanaitana kwa sauti kutoka kila upande wa gari kama watu wawili kwenye kingo za mto. Mimi nilikuwa nacheza kamba hapo kando na sikujua kwamba ninasikiliza kitu. Sasa Mama hayuko, na Baba mwenyewe mgongo ulimharibikia alipoanguka akipakua magunia, anatembea wima kama aliyebeba trei kichwani. Kuchuchumaa hawezi.

Jirani yetu, Baba Zaituni, alichungulia juu ya ukuta. Yeye kwao ni Mumias, na hawezi kuanza neno bila salamu kamili.

"Salaam aleikum, jirani. Hilo gari si ulipeleke kwa fundi?"

"Waaleikum salaam," Baba akajibu. "Tutafanya wenyewe."

Nilisikia hiyo "tu" nikiwa na mwiko mkononi. Nikaenda kulala nayo.

Asubuhi baada ya chai akagonga mlango wangu.

"Mama."

Mimi naitwa Nanzala, jina la marehemu mama yake, na kwetu ukipewa jina la mtu unapewa na heshima yake. Kwa hiyo Baba ananiita Mama, na Mama mwenyewe alikuwa akiitwa jina lake. Mgeni akija anachanganyikiwa mpaka anaomba maji.

"Vaa nguo mbaya," akasema.

"Baba, nguo zangu zote ni mbaya. Ndio nakuambianga uninunulie."

"Haya. Vaa mbaya zaidi."

Nikabaki nimesimama na soksi mkononi. Kama hujanielewa, huo ulikuwa mzaha. Baba alikuwa amefanya mzaha. Nilitaka kumpigia Mama simu siku isiyokuwa Jumapili.

Tulianza na gurudumu la nyuma upande wa kushoto. Nikauliza kwa nini pale na si karibu, akasema tunaanza na lililo mbali zaidi na pampu ya breki, tunarudi pole pole mpaka la karibu. Tukaweka mawe nyuma ya magurudumu mengine, nikalegeza nati, nikainua gari kwa jeki, nikatoa tairi. Yeye alikuwa amekaa kwenye stuli ya jikoni hapo kando, anaongea. Mwanangu, mtu huyo aliongea. Alisema maneno mengi kabla ya saa nne kuliko aliyosema likizo nzima.

"Pitisha kidole kwenye mpira ule mweusi. Taratibu. Unasikia unyevu?"

"Nasikia vumbi."

"Fuata mpaka mwisho, pale unapoungana na bomba."

Nikafika mwisho. Kidole kikarudi kimelowa na kinateleza. Nikamwonyesha. Akakisugua kwa kidole chake, akanusa.

"Ndiyo hapo," akasema. "Mafuta yanavujia hapo, na hewa inaingilia hapo hapo. Shika spana ya kumi na mbili. Kaza. Sio kwa nguvu za hasira. Kaza mpaka ikatae, basi."

Nikakaza mpaka ikakataa. Akanifanya nikague na vingine vyote, gurudumu moja baada ya jingine: pedi kama hazijalika, diski kama hazina mikwaruzo, mipira kama haina nyufa. Nikamwambia pedi za mbele zina nyama kuliko sahani yangu ya shuleni. Akasema haya, lakini kona ya mdomo ilisogea. Niliiona.

Mafuta ya zamani ya breki, kwenye kikopo chake chini ya boneti, yalikuwa meusi kama chai iliyosahauliwa mekoni. Tukayanyonya tukaweka mapya, ya rangi ya asali nyepesi, na akanionya kwamba yakidondoka kwenye bodi nimwagie maji haraka kwa sababu yanakula rangi. Nikamwuliza kwa nini hewa kidogo tu inaweza kulifanya gari zima likatae kusimama.

"Mafuta hayabanwi," akasema. "Ukiyasukuma huku, yanasukuma kule. Gurudumu linasikia mguu wako pale pale. Hewa inabanwa. Unakanyaga, inajikunja tu, inanyamaza. Wewe unadhani umesema kitu, na kule mwisho hakuna aliyesikia."

Nilimwangalia. Sidhani alijua anazungumza habari za nyumba gani.

Kisha akaamka kwenye stuli, akazunguka pole pole, akaingia kwenye kiti cha dereva. Nikachomeka mpira mwembamba kwenye kiskrubu cha kutolea hewa, mwisho wake nikautia kwenye chupa, nikashika spana. Kutoka pale chini sikumwona, na yeye hakuniona. Akanieleza utaratibu. Nikisema kanyaga, anakanyaga na kushikilia, anajibu. Nikifungua, nasema. Mguu ukizama, anasema. Nikifunga, nasema, ndipo anaachilia.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Nafungua."

"Imeshuka."

"Nimefunga. Achilia."

Mapovu yalitoka kwenye ule mpira kama soda. Tukarudia. Mapovu tena. Mara ya tatu au ya nne, mimi ni mimi, nikasema, "Nimefunga ndoa."

Nikasikia kiti kinalia, kama mtu amegeuka.

"Mama," akasema, na sauti haikuwa ya hasira, lakini niliacha kutabasamu. "Ukisema umefunga, mimi naachilia. Kama hujafunga, hewa inarudi yote na kazi yetu imeharibika. Mimi huku sikuoni. Nina sauti yako tu. Mzaha ufanye tukimaliza, mimi nitakungoja hapo nicheke. Saa hii nikisikia neno, nataka liwe ndilo."

Sijawahi kukaripiwa vizuri hivyo. Nikasema ndiyo Baba. Tukaendelea, na nilisema kila neno kama lilivyo.

Tukamaliza nyuma kushoto, tukaenda nyuma kulia, tukaja mbele kushoto, tukamalizia mbele kulia. Kila mara nilikuwa naangalia kikopo cha juu nisije nikaacha mafuta yakaisha humo, maana alisema likitokea hilo tunaanza upya. Kwenye gurudumu la mwisho mapovu yaliisha haraka. Mafuta yakatoka safi, yamenyooka kama uzi.

"Imekuwa ngumu?" nikauliza.

Akakanyaga. Nikasikia mguu unagonga pedali, tu, tu, sauti fupi ya kitu kigumu.

"Bado laini kidogo," akasema. "Rudia."

Nikarudia. Mafuta safi.

"Bado laini," akasema.

Tukarudi nyuma kushoto, tukaanza mzunguko mwingine. Nilitoa tairi tena. Safi. Nyuma kulia, safi. Baba Zaituni akachungulia juu ya ukuta, mswaki mdomoni.

"Salaam aleikum tena. Jamani, hilo gari mnalitengeneza au mnalizalisha?"

"Bado laini," Baba akamjibu kutoka ndani ya gari.

"Basi mpigieni mkunga," akasema, akaenda zake.

Tulipofika mbele nilianza kuona mafuta kwenye chupa mpya yanapungua bure. Mimi ni mjinga wa hesabu lakini sio wa macho. Mpira ule haukuwa na povu hata moja, na sauti ya pedali ilikuwa ya kitu kigumu kama ubao. Nikakaa juu ya tairi nikafikiria. Nikashika spana, lakini sikuigusisha kwenye kiskrubu.

"Kanyaga," nikasema.

"Nimekanyaga."

"Nafungua." Sikufungua.

Sasa nisikilize hapa, mwanangu, hapa ndipo penyewe. Kiskrubu kikiwa kimefungwa na hakuna hewa ndani, ile pedali haishuki. Haiwezi. Ungeikanyaga na mguu wa ng'ombe ingebaki pale pale.

"Imeshuka," Baba akasema.

Nikabaki na spana yangu hewani. Mtu huyu aliyenikaripia asubuhi kwa neno moja la uongo alikuwa ananidanganya kupitia bodi ya gari, kwa sauti tulivu kabisa. Na kama pedali haikushuka, basi naye alijua kwamba sikufungua. Tulikuwa wawili tunadanganyana, kila mmoja anajua, na hakuna aliyekuwa anamwona mwenzake.

"Nimefunga," nikasema. "Achilia."

"Nimeachilia." Kisha akaita, "Mama. Kule shuleni usiku kuna baridi?"

Nikaiweka spana chini, nikaiokota tena.

"Kuna baridi. Kanyaga."

"Nimekanyaga. Blanketi moja linatosha?"

"Navaa soksi mbili. Nafungua."

"Imeshuka. Soksi si blanketi."

"Nimefunga, achilia. Baba, wewe nikienda unakulanga nini?"

"Mkate."

"Kanyaga. Mkate na nini?"

"Nimekanyaga. Na chai."

"Kila siku? Nafungua."

"Imeshuka. Jumapili Baba Zaituni huleta pilau. Naipasha mpaka Jumanne."

"Nimefunga. Na jioni unafanya nini?"

Sikusema achilia, na yeye hakuachilia. Nilisikia redio ya jirani, nikajua mguu wake bado umeshikilia.

"Nazima taa zingine zote," akasema. "Naacha ya chumba chako. Nyumba inaonekana ina mtu."

Nilisema achilia, mwanangu, lakini sijui kama ilitoka.

Tuliendelea hivyo mpaka mawingu yakajaa, na unajua mvua ya Kakamega, ikifika mchana haikosi. Matone ya kwanza yakaanza kugonga boneti. Nikafungasha vitu, nikarudisha tairi, nikakaza nati. Nikaenda mlangoni mwa gari. Alikuwa bado amekaa, mikono kwenye usukani.

"Breki ni ngumu," akasema bila kuniangalia.

"Tangu lini?"

"Tangu mzunguko wa kwanza. Gurudumu lile la mwisho."

"Sasa kwa nini ulikuwa unasema laini?"

Alifikiria, kama mtu anayetafuta kitu kwenye mfuko wa koti.

"Ningesema ngumu," akasema, "ungeenda kunawa mikono."

Nikazunguka nikaingia upande wa abiria na nguo zangu mbaya zaidi. Mvua ikatufungia mle ndani, vioo vikajaa ukungu. Ndipo nikamwambia habari ya shule ya kutwa. Nilikuwa nimejiandaa na sababu nzuri, nikazisahau zote. Nikasema tu, "Baba, unataka niende?"

"Utaenda," akasema. "Ile shule ni nzuri, na mama yako na mimi tuliamua pamoja, umalize pale." Akafuta kioo kwa mkono wa shati lake. "Lakini umeniuliza kama nataka. Sitaki. Nikikupeleka huwa narudi na kiti hicho kitupu, najikuta naendesha pole pole pembeni mwa barabara, kama nimebeba kitu kisimwagike."

"Na sanduku? Umelifunga wiki nzima kabla."

"Mamako ndiye alikuwanga anajua vitu vyako," akasema. "Mimi nilianza mapema nisije nikasahau kitu. Kila jioni ukilala nalifungua, naangalia, nafunga tena. Jana ndipo nikakumbuka kamba za viatu."

Kamba zenyewe alikuwa ameziweka jozi mbili; alizikumbuka jioni mbili, ya kwanza akaisahau. Sikumwambia. Tulikaa mle mpaka mvua ikakatika.

Jumatatu alinileta. Tulipopita Ekero kulikuwa na matrekta ya miwa kama kawaida, na moja likasimama ghafla mbele yetu. Baba akagusa breki kidogo tu, gari likatii.

"Haya," akasema. Nikaelewa neno hilo kwa mara ya kwanza, na nilikuwa nimelisikia maisha yangu yote.

Langoni akazunguka akanifungulia mlango, akashusha sanduku, akasimama. Nilingoja. Baada ya yote yale nilidhani sasa atasema kitu kirefu.

"Haya," akasema. "Soma."

Akaingia kwenye gari, akageuza. Nikajitwisha sanduku nikaanza kwenda, nikajisemea kumbe maneno yale yalikuwa ya Jumamosi tu. Halafu nikakumbuka mlinzi hajanikagua, nikageuka.

Gari lilikuwa limesimama pale nje, limeelekea nyumbani, na taa za nyuma zilikuwa zinawaka nyekundu kwenye manyunyu. Unaijua barabara ya langoni. Ni tambarare, ukiweka chungwa halibingiriki. Gari likisimama pale halihitaji breki. Taa zile haziwaki zenyewe, mwanangu. Zinawaka kwa sababu mguu wa mtu uko kwenye pedali, na hajauinua.

Nilitembea nyuma nyuma mpaka kwenye maua yale ya ofisi. Bado zinawaka. Nikafika kwenye kona ya bweni. Zinawaka. Alikuwa amekanyaga, ameshikilia, na hawezi kuachilia mpaka aambiwe, maana hivyo ndivyo tulivyopatana.

Nikaweka sanduku chini, nikafanya mikono bomba mdomoni.

"Achilia!"

Mlinzi alinitazama kama amepata kazi ya kuripoti. Taa zikazimika. Gari likaenda.

Basi hii ndiyo nasaha yangu, na nitaisema wazi kwa sababu saa hizi una usingizi. Usimpime babako kwa maneno. Kuna watu maneno yao yamejaa hewa, na kuna wengine wana machache lakini ukiyakanyaga yanasukuma mpaka mwisho. Likizo ikifika, usikae chumbani kungoja aje akuite, maana naye yuko chumbani anangoja wewe. Tafuta kazi yake inayotaka watu wawili, kisha nenda ukae kwenye kiti bila kuombwa. Iwe gari, iwe kupukuchua mahindi, iwe kuzungushia ng'ombe ua. Akiwa hakuoni na ana sauti yako tu, mwambie lililo kweli. Na siku akikuambia bado laini, na wewe unasikia kwa masikio yako kwamba ni ngumu, usimsahihishe. Shika spana uzunguke tena.

Nyingine ni ndogo. Ukishushwa langoni, geuka uangalie taa.

Mungu akupe blanketi zito na rafiki anayekoroma kidogo tu. Akukalishie nyumbani watu wa kukungoja, na taa moja isiyozimwa chumbani kwako. Magari yote yatakayokubeba yawe na breki ngumu, na kila anayekupeleka mbali awe na mtu wa kurudi naye, au basi awe na redio nzuri. Babako amlinde usiku huu, na wewe akulaze, mwanangu, maana mimi hapa juu bado natikisika.